Moto Katika Banda la Mashua

Nabwire alipakua sahani nne, na wao walikuwa watatu.

"Hiyo ni ya nani?" aliuliza Lynette, binti yao, akicheka. "Ama Mama unalisha samaki?"

Nabwire aliitazama sahani ya nne kana kwamba imewekwa na mtu mwingine. "Ni hii baridi," alisema. "Imenizubaisha." Akaisogeza kando, karibu na uwazi ulioachwa sakafuni ili mashua iingilie hapo. Wabuge Mabonga, mumewe, akainamisha kichwa kuombea chakula. Walipofumbua macho, sahani ile ilikuwa tupu, imelowa maji. Lynette akamtazama baba yake. Baba yake akatazama ugali wake.

Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani. Wabuge, fundi wa mbao mwenyeji wa Bungoma aliyekuwa akiishi Kiplombe, alikuwa amepewa kazi ya kujenga banda la mashua kwenye bwawa moja upande wa Kapseret. Mwenye kazi alikuwa Bashir Mahamud, tajiri wa malori, aliyenunua mashua ya injini ya kutembeza wageni na kutaka banda liwe tayari kabla ya likizo ya Desemba. Kwa hiyo Wabuge alitoka nyumbani alfajiri, akirudi mtoto amelala. Nabwire hakuwa mtu wa kelele, lakini ulimi wake ulijua pa kugusa. "Hiyo nyumba ya maji umeioa, Baba Lynette," alimwambia. "Tuambie tu, tujue tuko wake wangapi."

Ndiyo sababu Jumapili hiyo Wabuge aliwachukua mke na mtoto wakashinde naye bwawani. Upepo ulikuwa mkali. Nabwire alitandika kipande cha bati sakafuni, akapanga mawe matatu juu yake, akawasha mabaki ya mbao na kusonga ugali humo humo ndani.

Wabuge alimwona, akataka kumzuia. Kwao nyumba mpya haipikiwi ovyo. Mwenye nyumba hulala ndani kwanza, ndipo moto uwashwe, na mwanamke anayeuwasha moto ule wa kwanza ndiye mke wa nyumba hiyo. Lakini alijiambia kwamba banda la mashua si nyumba. Nani huishi juu ya maji? Naye hakutaka kuiharibu siku moja aliyowapa watu wake.

Jumatatu alirudi kupigilia mbao za mwisho za sakafu, akasikia nyundo nyingine ikimjibu kutoka chini. Alipiga, ikapiga. Alidhani ni mwangwi. Akasimama kufuta jasho, nyundo yake ikiwa imetulia mkononi, na ile ya chini ikaendelea peke yake, taratibu, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi. Akalala kifudifudi, akachungulia kwenye uwazi. Maji yalikuwa meusi, hayana hata kiwimbi. Lakini upande wa chini wa zile mbao, mahali ambapo mtu hangeweza kusimama, vichwa vya misumari vilikuwa vimejipanga kwa mstari ulionyooka kuliko wake.

Hakumwambia mkewe. Jioni alipoingia nyumbani alikutana na harufu ya tope la chini ya bwawa, lile lisiloona jua. Nguo za Nabwire zilikuwa zimeanikwa juu ya kiti, zimelowa hadi kifuani.

"Ulinyeshewa?"

"Nilikuwa nafua."

Hakumlaumu kwa kuchelewa, na hilo ndilo lililomtisha Wabuge. Alimwuliza tu, kwa sauti ya chini, kama sakafu imekwisha.

Siku chache baadaye, Wabuge akiwa mjini kununua mabati, Bashir alimpigia simu.

"Fundi, mbona unamwacha mama huku peke yake?"

"Mama gani?"

"Wa kwako. Opondo, mlinzi wangu, anasema anakuja kila ukitoka. Anafagia, anapika, anaongea na mtu. Anasema huyo mtu anamjibu, lakini yeye hajamwona."

Wabuge aliyatua mabati aliyokuwa ameyashika.

"Haya maji yana wenyewe, fundi," Bashir alisema polepole. "Wallahi, mimi nilidhani wewe ulibisha hodi."

Mchana huo huo Wabuge alikwenda kwa Mama Mideva, jirani yao, mama wa kanisa la Kiroho, mwenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani, ambaye watu walimwita nyumba zao zinaposumbuliwa. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Siku ile, nani alikula kwanza?"

Wabuge aliikumbuka ile sahani, akamweleza.

"Basi huyo ndiye mwenye nyumba," alisema Mama Mideva. "Na mke wako ndiye aliyemwashia moto. Hajaibiwa, baba. Ameolewa."

"Atatokaje?"

"Atoe yale mawe kwa mikono yake mwenyewe, ayalete nchi kavu. Halafu nitamwuliza mume wake ni nani, naye amtaje kwa jina. Akikutaja, itika papo hapo. Usilie, usimwombe Mungu, itika kwanza. Anayetangulia kuitika ndiye anayebaki na mke."

Walimwacha Lynette kwa jirani mwingine, wakafika bwawani jua likiwa bado juu ya miti, lakini ukungu ulikuwa umeshashuka juu ya maji, na kutoka ndani ya banda kulikuwa na moshi na harufu ya ugali ulioshika chini ya sufuria, na pamoja na harufu hiyo ile nyingine ya tope, na kicheko cha Nabwire, kile kicheko cha mwaka wao wa kwanza wa ndoa ambacho Wabuge alikuwa amesahau kwamba alikiacha mahali fulani, na baada ya kicheko, kimya cha kadiri ya mtu kusema jambo fupi, kisha kicheko tena.

"Mama Lynette," Mama Mideva aliita kutoka nchi kavu, kwa upole. "Toa mawe yako, mwanangu. Mpishi huondoka na mafiga yake."

Nabwire alitokea mlangoni, miguu ikichuruzika maji. Alilibeba jiwe la kwanza, akaliweka kwenye nyasi. Akarudi, akaleta la pili. La tatu alikawia nalo mno, na sakafu ililia kama inayovutwa na mikono kutoka chini, ubao baada ya ubao, mpaka Wabuge akakaza viganja vyake asikimbilie ndani. Kisha mkewe akatoka, jiwe limemlemea kifuani, akalitua pamoja na mengine. Ndani ya banda moto ulizimika kwa sauti ya maji.

"Sasa niambie," alisema Mama Mideva, akiwa amemshika mkono. "Mume wako ni nani?"

Nabwire alisimama muda mrefu, macho yakienda na kurudi kama mtu anayetafuta neno la lugha aliyoiacha utotoni.

"Ni Wabuge," alisema. "Wabuge Mabonga."

Shukrani ilimpanda Wabuge kooni, ikambidi ameze mate kwanza. Alimeza tu. Na katika kumeza huko, ndani ya banda lisilokuwa na mtu, sauti iliitika. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, hata mkwaruzo wake wa vumbi la mbao.

"Niko hapa, Mama Lynette."

"Niko hapa," Wabuge alisema, akiunyosha mkono. "Mimi niko hapa."

Nabwire alikuwa ameshajinasua mkononi mwa Mama Mideva na kugeukia maji. Alisimama kidogo, akamtazama mumewe kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama mpita njia aliyepotea.

"Pole, mzee," alisema. "Unatafuta nani?"