Sauti Aliyoitafuta Ismaily

Ismaily alizima amplifaya, akalitundika gita ukutani, na noti ya mwisho ikaendelea kulia.

Alidhani ni masikio yake. Tangu baada ya adhuhuri alikuwa amejifungia chumba cha uani akitafuta sauti ya solo, na kazi hiyo huacha masikio yakivuma. Lakini mvumo huu ulikuwa na mahali. Ulitoka jikoni. Akaenda, akamkuta mkewe Nasma amechuchumaa mbele ya jiko, mwiko mkononi, mdomo umefumbwa, na noti ile ile inamtoka kooni, ndefu, haivuti pumzi.

"Nasma?"

Ikakatika. "Abee."

"Unaimba nini?"

"Mimi?" Akacheka. "Lini umenisikia nikiimba?"

Kweli, hakuwahi kumsikia.

Bendi ya kina Ismaily ya Nachingwea ilikuwa imeitwa kupiga harusi Ruangwa, na Gaudens, mpiga besi, alikuwa amemlalamikia. "Solo lako linamezwa, kaka. Trebo likizidi linatoboa masikio, ukilipunguza hatukusikii. Cheza na geni." Geni ndicho kile kitufe kinacholitia gita mkwaruzo na ukali. Ikiwa kidogo, gita linakuwa kavu kama mtu anagonga sufuria. Ikizidi, noti zinachanganyika zote zinakuwa kelele. Ismaily alikuwa ameisogeza geni ikapita nusu, akapunguza besi, akapandisha sauti ya kati, trebo, ile sauti nyembamba ya juu, akaligusa kidogo tu. Ndipo noti ikaning'inia hewani, ikalia kama mtu. Sauti hiyo alikuwa ameitamani tangu ajifunze gita.

Kesho yake mchana akairudia. Punde chumba kikajaa harufu kali ya maganda ya korosho yanayoungua, ile inayowasha koo na kutoa machozi, ingawa hapakuwa na jirani aliyebanika korosho. Akainua macho. Nasma alikuwa amesimama mlangoni, kanga imemdondoka miguuni, macho yamegeuka meupe.

"Ongeza," alisema, kwa sauti nzito iliyotoka chini sana.

Ismaily akashtuka, akaishusha geni hadi mwisho. Nasma akaanguka kama mti uliokatwa, akaanza kujipigapiga sakafuni, povu mdomoni. Akamshika kichwa, akamsomea dua alizozijua, haikusaidia. Mwishowe akairudisha geni pale pale na kupiga noti moja. Nasma akatulia. Akatabasamu, lakini tabasamu lile halikuwa lake.

Tangu hapo hakula ila gita likilia. Ashura, dada yake Nasma anayeishi nyumba ya pili, alikuja kumlisha uji kijiko kwa kijiko huku shemeji yake akipiga pembeni, vidole vimechubuka, vinaacha damu kwenye nyuzi.

"Shemeji, acha," Ashura alinong'ona. "Unamlisha huyo mwingine, siyo dada'angu."

"Nikiacha anakufa."

"Na usipoacha?"

Akaendelea kupiga.

Shehe alikuja na kisomo. Nasma alilala kimya mpaka alipoondoka, ndipo akacheka. Gaudens ndiye aliyewapeleka wao na Ashura kijiji cha Chunyu, pamoja na gita na amplifaya, kwa mganga aitwaye Bi Zuleha. Mama yule alimtazama Nasma, halafu akaitazama amplifaya kwa muda mrefu zaidi.

"Kila jini ana ngoma yake, mwanangu," alimwambia Ismaily. "Sisi tunabadilisha ngoma hata siku nyingi, tukitafuta ile atakayoitika. Wewe umeipata kwa kugeuzageuza vitufe. Sasa muite tena, nipate kusema naye."

Wakawasha jenereta. Ismaily akaviweka vitufe vile vile kama nyumbani, akapiga, na sauti haikuwa yenyewe, kwa sababu umeme ule ulikuwa dhaifu na chumba kilikuwa cha udongo kinachonyonya mlio, kwa hiyo ikambidi aanze kutafuta upya kwa masikio, mkewe akiwa amelala mbele yake chini ya shuka jeupe, na kila alipokosea shuka lile lilijibu: trebo lilipozidi meno yalisaga ndani yake, besi ilipozidi mgongo ulipinda mpaka visigino vikakaribia kisogo, na geni ilipopita kiasi kikatoka kilio ambacho Gaudens alikimbia asikisikie, na bado Ismaily hakuweza kuacha, maana Bi Zuleha alikuwa amemkataza, na maana hata alipotaka kuinua mkono mkono haukuinuka, ulikuwa unageuza vitufe wenyewe, taratibu, kama unajua unakokwenda, mpaka harufu ya maganda ya korosho ikapanda kutoka kwenye spika na noti ikasimama.

Shuka likatulia.

"Ameniita, nimekuja," ilisema sauti nzito. "Kwa nini ananifukuza?"

"Hakujua," Bi Zuleha alijibu. "Muache binti wa watu. Ubani huu hapa, kuku huyu hapa."

"Nitakwenda. Lakini siendi mikono mitupu."

"Unachukua nini?"

"Kitu kidogo."

"Kitaje!"

Haikutaja. Amplifaya ililia mara moja na kuzimika, ingawa jenereta lilikuwa bado linanguruma. Harufu ikaondoka. Nasma akalifunua shuka mwenyewe, macho yake meusi kama zamani.

"Dada," alimwambia Ashura, "nina njaa."

Ashura aliangua kilio cha furaha. Ismaily akapiga magoti, akamshika mkewe mikono.

"Pole, mke wangu. Nisamehe."

Nasma alimtazama, akasubiri. Kisha akamgeukia dada yake.

"Mbona hasemi?"

"Amesema, Nasma."

"Hajasema. Anachezesha midomo tu."

Ismaily akamwita kwa jina lake. Akamwita tena, kwa nguvu, mpaka kuku nje wakatawanyika, na Nasma aligeuka kuwasikiliza kuku. Alisikia jenereta. Alisikia Gaudens akikohoa uani. Ismaily alipogonga ukuta alishtuka. Sauti ya mumewe tu ndiyo haikumfikia.

"Irudishe!" Ismaily alimwambia mganga. "Nitapiga tena, nitamwita, umwambie airudishe!"

"Ukimwita atarudi," Bi Zuleha alisema polepole, "na safari hii hatamwacha. Nenda nyumbani, mwanangu. Mimi nimefika mwisho wangu."

Nasma alikuwa ameanza kulia. Alimfuta Ismaily damu ya vidole kwa ncha ya shuka, huku akimtazama midomo.

"Anasema nini, dada?"

"Anasema anakupenda," Ashura alisema. "Anaomba umsamehe."

"Basi mwambie aniambie mwenyewe."