Mawingu Matatu, Seva Moja

ALHAMISI, SAA KUMI NA MOJA JIONI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri, Gerezani, na kilinuka oili iliyokwisha kazi. Watu wanne. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa gari uliolazwa juu ya injini mbili mbovu. Juu ya mlango huo Tarsis aliweka ripoti yake: kurasa ishirini na mbili, jalada la plastiki, majedwali ya rangi.

Sadalla hakuigusa. Alikuwa mtu wa Pwani, hamsini na ushei, kanzu safi, sauti ya chini. Katika miaka yake yote ya ujambazi hakuwahi kupaza sauti. Waliopaza ni wengine, na kwa kawaida walipaza mara moja tu.

"Nieleze kama mtu aliyeishia darasa la saba," alisema. "Wingu ni nini?"

"Ni kompyuta za watu wengine, mzee. Unawalipa, wanakutunzia data zako."

"Mtu mwenye akili zake anampa mwenzake amtunzie siri?"

"Siku hizi, karibu wote."

Haruna alicheka puani. Haruna ndiye aliyebeba chuma, bastola ya kiunoni, na kwa sababu hiyo utani wake haukuhitaji kuchekesha.

Kwa miezi mitatu Tarsis alikuwa mshauri wa Mzee Natvarlal, muuzaji wa jumla wa vipuri katika Mtaa wa Livingstone. Kazi yake ilikuwa kulinganisha kampuni tatu zinazohifadhi data za biashara mawinguni na kusema ipi inafaa. Data zenyewe zilikuwa wateja elfu kumi na moja, tangu Kariakoo hadi Lubumbashi: gereji ya kila mmoja, anachonunua, na kiwanda cha China kinachokitengeneza. Mzee alizikusanya kwa miaka arobaini. Mfanyabiashara mmoja wa Posta, ambaye Sadalla alimwita "mteja" tu, alitaka kuzipata kwa siku moja.

"Katika mawingu hayo matatu," aliuliza Sadalla, "lipi bovu?"

"Kwa mfanyabiashara au kwa mwizi?"

"Unaongea na nani hapa?"

Tarsis alifungua jedwali. "La kwanza ni la bei nafuu, lakini mashine zake ziko Ulaya. Waya wa baharini ukikatika, duka linasimama. La pili linajiendesha lenyewe, biashara ikikua nalo linakua; ila ukishaingia, kutoka ni shughuli, maana data inakaa kwa mtindo wao. La tatu ni ghali. Lakini funguo za kufungulia data anabaki nazo mwenye mali, na kosa likitokea unarudisha mambo yalivyokuwa dakika tano nyuma."

"Ukamshauri lipi?"

"La tatu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndilo bora."

Haruna akamgeukia Sadalla.

"Jamaa anajenga ukuta mwenyewe, halafu anakuja kutuomba ngazi."

"Kwetu yote matatu ni mamoja," alisema Tarsis. "Data ikishapanda, imepanda. Kwa sasa ipo kwenye seva moja tu, chumba cha nyuma cha duka. Haijaunganishwa na intaneti, Mzee Natvarlal hataki. Kuhamisha kunaanza Jumamosi jioni, ukurasa wa kumi na nne. Wakishahakiki, seva inafutwa kabisa, ili dukani kusiwe na kweli mbili, nakala mbili zinazopingana."

"Basi ni kesho."

"Kesho."

"Saa saba kamili mchana," alisema Sadalla.

Saa hiyo mlinzi wa duka angekuwa msikitini, kama kila Ijumaa, lakini si mlinzi aliyeamua. Shehe mmoja wa Magomeni alikuwa amempigia Sadalla ramli: siku ya Ijumaa ni ya nyota ya Zuhura, na saa saba ndipo Zuhura inaporudi kutawala. Kabla ya hapo ni nuksi. Tarsis alifunga ripoti yake. Kwa mambo yanayopimika alikuwa na heshima; kwa mengine alikuwa na kimya cha adabu, na kimya hicho kilikuwa kimemfikisha mbali katika ofisi nyingi.

Mpango ulikuwa mfupi. Tarsis anaingia kwanza, kwa kuwa mzee anamjua na atamfungulia geti la ndani. Haruna anafuata. Mzee anafungwa kamba, Tarsis naye anafungwa ili aonekane mwathirika. Seva inatoka ndani ya boksi la breki. Dereva anasubiri nje na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo.

Dereva alikuwa ameegemea ukuta, kofia machoni. Theophil, miaka ishirini na saba, mdogo wake Tarsis wa tumbo moja. Mwezi Machi aliendesha gari katika kazi ya Buguruni ambako mlinzi alikufa. Sadalla alikuwa na video ya tukio hilo kwenye simu yake, na uso wa Theophil nyuma ya usukani ulionekana vizuri kuliko picha ya kitambulisho.

"Rudia ahadi yako," alisema Tarsis.

"Seva ikifika, naifuta video mbele yenu. Mdogo wako anakuwa wako. Mimi na yeye hatujuani."

Theophil aliinua kofia. "Umesikia, kaka? Inaisha kesho."

"Nimesikia."

Tarsis aliishi kwa kuwafundisha watu kwamba kitu kilichohifadhiwa mahali pamoja hakijahifadhiwa. Alijua kwamba mtu kama Sadalla hana video moja. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akaamua, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, kutouliza nakala ziko ngapi.

IJUMAA, SAA SITA NA DAKIKA HAMSINI

Kariakoo haipungui watu kwa ajili ya sala. Hubadilisha tu sauti. Spika zilitoa hotuba. Wasukuma mikokoteni walipumzika juu ya mizigo yao. Kirikuu kilisimama hatua ishirini kutoka dukani, injini ikiwaka. Sadalla alikaa mbele, pembeni ya Theophil, akitazama saa ya mkononi.

"Bado," alisema.

"Mlinzi ameshaondoka, mkuu," alisema Haruna kutoka nyuma.

"Nimesema bado. Tarsis, wewe nenda. Haruna atakufuata saa saba, si kabla."

Theophil alitoa mkono dirishani, akagusa bega la kaka yake. Tarsis akavuka mtaa.

SAA SITA NA DAKIKA HAMSINI NA TATU

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana Tarsis! Pita, pita. Mjukuu wangu Pratik ameenda bandarini, niko peke yangu." Mzee Natvarlal alifungua geti la chuma. Alizaliwa mitaa miwili kutoka hapo na alikusudia kufa hapohapo. "Umekuja wakati mzuri. Chukua ladu. Chukua mbili."

Alisukuma kisahani. Tarsis alichukua tonge lile tamu la unga wa dengu na sukari, akalishika bila kula. Macho yake yalikuwa yamekwisha kupita juu ya bega la mzee, hadi mlango wa chumba cha nyuma, ambao ulikuwa wazi.

Seva ilikuwa pale. Taa zake zote zilikuwa zimezimika. Pembeni yake, juu ya meza, palikuwa na kompyuta mpya yenye shada la maua ya manjano shingoni, na paji lake limepakwa alama ya unga mwekundu. Maua yalikuwa yameanza kunyauka. Hayakuwa ya leo.

"Mzee," alisema Tarsis, "mmehamia?"

"Jumatano!" Uso wa mzee ulichanua. "Siku ya tano baada ya Diwali. Siku ile ndiyo sisi tunafungua mwaka wa biashara. Jambo jipya likianza siku ile, linasimama. Pratik akasema, babu, ripoti inasema Jumamosi. Nikamwambia, ripoti ni ya mashine, siku ni ya nyumba."

"Na seva?"

"Tumeifuta jana, kama ulivyoandika. Ukurasa wa kumi na nne. Kila ulichoandika tumekifuata, bwana. Siku tu ndiyo hatukuifuata."

Mwezi Septemba mzee alikuwa amemuuliza: tuanze siku gani? Tarsis alijibu kwamba siku yoyote inafaa, mfumo hauchagui siku. Mzee alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja harusini peku, kisha akauliza habari za mvua. Tarsis alikuwa amelinganisha mawingu matatu kwa vigezo kumi na tisa. Hakukuwa na safu ya siku. Asingeiweka hata kama angeombwa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika mbili. Angeweza kutoka. Angeweza kuvuka mtaa na kusema, hakuna kitu, tuondoke. Na Sadalla angemtazama, kisha angemtazama Theophil. Alisimama na ladu mkononi akitafuta sentensi ambayo ingemtoa mdogo wake garini. Hakuipata. Zuhura ikarudi.

SAA SABA KAMILI

Haruna aliingia, akavuta geti nyuma yake, akatoa chuma.

"Chini, mzee. Nawe, chini."

"Toka," Tarsis alimwambia Haruna. "Hakuna kitu. Imehamishwa juzi."

Lilikuwa kosa, naye alilijua neno likiwa bado mdomoni. Mzee Natvarlal alimtazama Haruna. Kisha akageuka polepole, akamtazama Tarsis, kwa muda mrefu zaidi.

"Huyu mnajuana," alisema mzee. Halikuwa swali.

Haruna alikuwa amekwisha kupiga simu. Akaiweka kwenye spika.

"Mkuu, msala. Wamehamisha. Seva tupu."

"Nani kasema?"

"Tarsis."

"Mpe simu mwenye duka."

Mzee hakuipokea, aliisemea ikiwa mkononi mwa Haruna. "Ndugu yangu, data imeondoka Jumatano. Hapa pana bati tu."

"Kwa nini Jumatano?"

"Ilikuwa siku njema."

Katika mji mzima huenda palikuwa na watu wachache wa kuipokea sababu hiyo bila ushahidi, na mmoja wao alikuwa Sadalla.

"Mzee anasema kweli," Sadalla alisema. "Siku haipuuzwi. Basi Tarsis alijua. Mtu amekaa nyumba ya Mhindi miezi mitatu, kaandika kurasa ishirini na mbili, asijue siku yao? Katuchoma. Haruna, toka na seva."

"Iko tupu, mkuu!"

"Mteja atajionea mwenyewe kwamba tulifika. Toka."

Haruna alibeba seva begani kama gunia la mchele. Hakumfunga mtu kamba. Mzee alikaa sakafuni alipoambiwa akae, mikono magotini, akimwangalia Tarsis akitoka mbio.

SAA SABA NA DAKIKA SITA

Waumini walikuwa wameanza kutoka msikitini. Tarsis alifika kwenye kirikuu Haruna akiwa amekwisha kupanda nyuma na kufunika seva kwa turubai. Alishika mlango wa dereva. Theophil alikuwa ameubana kwa ndani.

"Ni ndugu yako," Sadalla alimwambia Theophil, macho yake mbele. "Amua mwenyewe. Mimi simo."

"Kaka, ulijua?"

"Sikujua, Theo."

"Wewe?" Sauti ya Theophil ilipanda. "Umenisomesha wewe. Umenijazia kila fomu ya maisha yangu. Hakuna siku hata moja umeniambia kitu hukijui."

"Hiki sikukijua. Shuka. Shuka sasa hivi, twende kwa miguu."

"Na video?"

Hapo angeweza kudanganya. Alikuwa amejidanganya tangu jana bila shida yoyote.

"Nakala zipo nyingi, Theo. Zilikuwepo nyingi tangu mwanzo. Hata seva ingefika, asingekuachia."

Theophil alimwangalia. Hasira ilimtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Kwa hiyo hilo ulilijua."

"Theo."

"Ulilijua jana, tumekaa pale, ukanyamaza. Ukaniacha nikasema inaisha kesho."

Sadalla alitabasamu kidogo, kwa upole, kama mtu anayesikiliza mawaidha. Hakukanusha.

Theophil alipandisha kioo. Akaweka gia. Tarsis alikimbia pembeni, akashika ubavu wa gari, na Haruna akakanyaga vidole vyake bila chuki. Kirikuu kilisogea taratibu, kikapisha mkokoteni wa mitumba, kikapisha mama mwenye beseni. Kwenye kona Theophil aliwasha taa ya kukunja kushoto, kama dereva mwenye leseni safi, akakunja.

Mzee Natvarlal alikuwa mlangoni kwake. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole tu, na Kariakoo ikafanya yaliyobaki.

"Mwizi!"

Teke la kwanza lilimpata Tarsis gotini. La pili hakulihesabu. Mtu alidai tairi iletwe. Mzee alipenya katikati ya kanzu za waumini, akasema kwa sauti kavu kwamba huyu asiuawe, anamtaka akiwa hai, ana maswali naye. Walimsikia kwa kuwa aliwauzia vipuri baba zao.

SAA TISA NA NUSU

Askari alikuwa kijana mpole. Alimpa Tarsis maji, akasubiri ayameze kwa mdomo uliovimba, kisha akafungua faili jipya.

"Mzee anasema mlikuwa wawili. Mashahidi wa mtaani wanasema mlikuja na gari, na kwamba wewe na dereva mnafanana sura. Nani huyo?"

"Sijui dereva yeyote."

"Wenzako wamekutelekeza, unajua hilo? Hawako huku kukutetea. Mlikuwa wangapi?"

Tarsis aliangalia vidole vyake. Viwili havikukunjika tena.

"Nilikuwa peke yangu."

Askari hakuamini. Ila aliandika.