Kopa Jekundu kwa Mke wa Wembe

Bisha! Bisha nikuone. Wenye vyeti vyao walibisha mpaka wakaisikia harufu yenyewe, wakatoka mbio wamenyolewa upande mmoja.

Kulikuwa na kinyozi tuliyemwita Wembe, kwa mkono wake na kwa wivu wake, maana vyote vilikata. Mkewe, fundi cherehani, alishonea nyuma ya pazia humo humo kinyozini. Wembe hakutaka ashonee mbali naye, wala wateja wamwone. Mteja akipiga chafya, aliuliza anamwashiria nani.

Adhuhuri moja simu ya mkewe ikalia. Namba ngeni, neno hakuna, emoji moja tu: kopa jekundu.

"Nani huyu?"

"Simjui, mume wangu."

"Humjui, anakutumia moyo! Kwani kwao amekosa pa kuuweka?"

Akampokonya simu, akatega mtego. Akajibu yeye, kama ndiye mke: nyumba, mlango wazi, mkono unaoita. Kisha akasimama mlangoni na wembe wake, amsubiri mwanamume.

Mwanamume hakuja. Lilikuja jibu, safari hii bila namba yoyote: macho mawili.

Siku ya pili, macho na mkasi. Ya tatu, macho, mkasi na kichwa cha mwanamume. Siku hiyo duka zima la kinyozi likanuka nywele zilizoungua, na cherehani ikaanza kushona peke yake nyuma ya pazia huku mkewe amesimama pembeni ameziba mdomo, na Wembe alipoinua macho kwenye kioo akaona nyuma ya mkewe kivuli kirefu kimeinama, kinamnusa nywele taratibu kama mwenye mali, kisha kikageuza uso kikamtazama yeye, kwa chuki ile ile ambayo yeye huwatazamia wateja.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mkavu wa maneno.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi," Wembe akanong'ona.

"Kwa jina la nani?"

"La... la huyu."

"Basi jini anaamini kaitwa na mkeo, na kwa wivu amekushinda. Wa kumfukuza ni mkeo tu. Akitaka."

Mkewe akaishika simu, asiibonyeze. "Nimfukuze kwa lipi? Naye ananichunga, nawe wanichunga. Mna tofauti gani?"

Cherehani ikazidi kukimbia. Wembe akalishika pazia kwa mikono miwili, akaling'oa pamoja na fimbo yake.

"Kashonee unapotaka, mke wangu. Sitauliza."

Mkewe akamtazama sana. Kisha akatuma kufuli. Moja, mbili, tatu. Kioo kikapasuka toka juu hadi chini, harufu ikakatika.

"Na aliyetuma kopa la kwanza ajitaje," mganga akasema, "jini asije akahamia kwake." Tukatazamana. Hakujitaja mtu.

Huwa naishia hapo, nikapigiwa makofi. Lakini mle kinyozini mimi ndiye niliyenyoa kwenye kiti cha pili. Kopa lile nililituma mimi, kwa laini mpya, na haikuwa mzaha. Nilimwonea Wembe wivu kwa mkewe mpaka usingizi ukanihama. Laini nimeitafuna kwa meno. Simu nimeizima tangu jana, iko humu mfukoni.

Na wewe umeisikia ikilia sasa hivi. Haya, bisha.