Vikaratasi vya Wifi Zipora

Kila asubuhi, akishafagia uwanja na kuinjika chai, Lydia aliketi sebuleni mbele ya kompyuta. Ilikuwa mwaka 2003, mjini Dodoma. Kompyuta za mtumba zilikuwa zimeanza kujaa madukani, na Gerson, mumewe, alikuwa amenunua moja kubwa. Ndani yake mlikuwa na diski mbili. Kila kitu kilihifadhiwa kwenye zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Humo Lydia alitunza nyimbo mia na arobaini za Kigogo. Kwa miaka miwili alikwenda Mvumi kuwasikiliza akina mama wa kwaya, akaziandika moja moja. Watatu kati yao walikwisha kufariki. Sasa kitabu cha nyimbo hizo kilingojewa na mchapaji.

Lakini aliyeiunganisha kompyuta ile ni Zipora, dada yake Gerson. Kifuniko chake kiliachwa wazi kwa sababu ya joto. Mama mkwe alipokuja kutoka Mvumi, alichungulia ndani na kuvisoma vikaratasi vilivyobandikwa kwenye diski: "Ya kwanza", "Ya pili".

"Zipora ana akili!" alisema. "Tazama hata mwandiko wake!"

Lydia alicheka kwa meno tu. Roho ilimuuma. Yeye akusanye nyimbo miaka miwili, halafu asifiwe wifi kwa vikaratasi viwili! Mama mkwe alipoondoka, alichukua kisu cha jikoni akavibandua vyote. Akaona raha kweli kweli.

Siku kumi baadaye kompyuta ikaandika kwenye kioo: diski ya pili imeharibika.

"Mwite Zipora," alisema Gerson.

"Kwani mimi sina mikono?"

Lydia akanunua diski mpya, akashika bisibisi. Zile mbili zilifanana. Ya pili ni ipi? Akakisia, akatoa ya chini, akaweka mpya. Kompyuta ikawaka, ikakwaruza, ikazimika. Akaiwasha tena. Hapakuwa na wimbo hata mmoja.

Wale watatu waliofariki, nani angewaimbisha tena? Akameza kiburi chake, akampigia Zipora simu.

"Usibonyeze kitu kingine," Zipora akamwambia. "Zima, chomoa waya ukutani. Nakuja."

Alipofika hakuomba hata maji.

"Wifi, ile uliyoitoa iko wapi?"

"Nimeifunga kwenye gazeti. Ipo kabatini."

"Afadhali! Nadhani umetoa nzima, umeacha mbovu. Lakini si niliandika?"

Lydia angeweza kusingizia joto. Akainama.

"Nilivibandua mimi. Wivu, wifi. Mama anakusifu wewe tu."

Zipora akaangua kicheko. "Mimi akija kwangu husema, 'Lydia anajua Kigogo, wewe umekisahau!' Mara ya mwisho nililia jikoni."

Wakacheka wote. Zipora akaondoa diski zote mbili, akairudisha ile ya kabatini peke yake. Nyimbo zikatokea, zote mia na arobaini. Lydia akajifuta machozi kwa upande wa khanga, akashika diski mpya.

"Subiri!" alisema Zipora. "Kwanza tutoe nakala. Diski mbili zinakulinda ikifa moja. Hazikulindi ukikosea. Ukifuta wimbo huku, na kule unafutika."

Wakanakili nyimbo kwenye CD mbili, wakazifungua kuhakikisha zinasomeka. Moja ilikaa kabatini. Nyingine ilikwenda Mvumi kwa mama mkwe, ili hata nyumba ikiungua, nyimbo zisipotee. Ndipo wakaweka diski mpya. Zipora akamkabidhi Lydia kalamu na vikaratasi viwili.

"Andika wewe."

Kitabu kilichapwa. Tangu hapo, kila Ijumaa Lydia alitoa nakala ya kazi zake.

Mwaka uliofuata diski ya kwanza nayo ikafa. Mama mkwe na Zipora walikuwa wamekaa sebuleni wakimenya karanga. Lydia alitoa nakala, akazima, akasoma kikaratasi, akaitoa diski yenyewe na kuweka mpya. Alipoiwasha kompyuta, nyimbo zote zilikuwepo.

Mama mkwe akachungulia.

"Unaona faida ya mwandiko mzuri? Zipora huyo!"

Zipora hakuinua hata macho kwenye karanga.

"Vaa miwani, mama," alisema. "Huo ni wa Lydia."