Aguti na Barua ya Lakiri

Kila asubuhi Aguti alichota maji, akafagia uwanja, kisha akakimbilia shule ya misheni nje ya mji wa Tororo. Lakini siku moja ya mwaka 1953 alipewa barua ya Padri aipeleke kwa masista wa Lunyo. Ilifungwa kwa lakiri, nta nyekundu ya muhuri, yenye alama ya msalaba. Ndani yake Padri alimwombea nafasi ya mwisho katika shule yao ya bweni.

"Bila muhuri wangu hawatakupokea," alimwonya.

Mama yake, aliyelima pamba peke yake ili bintiye asome, alimfungia viazi vitamu vya moto kwenye majani ya mgomba. Aguti akavitia kikapuni pamoja na barua, akapanda nyuma ya baiskeli ya binamu yake Ikiring.

Njiani walisimama ili wale viazi. Lo! Lakiri ilikuwa imeyeyuka, msalaba haupo.

"Dada, umepika barua!" Ikiring alicheka. Kisha akanong'ona, "Bonyeza kifungo cha gauni lako juu yake kabla haijaganda. Nani atajua?"

Aguti akabonyeza. Muhuri ukapendeza, ila moyo wake haukutulia hadi Lunyo.

Alipiga magoti mbele ya Sista Nasirumbi, mkuu wa shule. Sista aliponyoosha mkono, machozi yalimtoka Aguti.

"Mama Sista, muhuri huu si wa Padri. Viazi vyangu viliuyeyusha, nikabonyeza kifungo. Nisamehe, usinirudishe nyumbani."

Sista akaigeuza barua, akaangua kicheko. "Msalaba wenye matundu manne! Ungenificha, ningekurudisha leo hii." Akaifungua, akaisoma. "Mwandiko wa Padri naujua. Nafasi ni yako. Inuka, uketi. Umewahi kusikia neno bula?"

"Hapana, Mama Sista."

"Ni barua kuu yenye amri za Baba Mtakatifu. Kwa Kilatini, bulla ni kitu cha mviringo, kama kipovu cha maji. Ndivyo walivyouita muhuri wa madini ya risasi ulioning'inizwa kwa uzi kwenye barua hizo. Polepole watu wakaiita barua yenyewe bula. Unaona? Ilipewa jina la kile kilichothibitisha ukweli wake. Na wewe, mwanangu, muhuri wako ni ulimi wako. Ukiuzoesha uongo, hata siku utakaposema kweli hakuna atakayekupokea."

"Asante, Mama Sista. Asante sana."

Aguti akatoka mbio hadi langoni. "Kaka Ikiring, nimepokelewa! Mwambie mama namshukuru, na mweleze yote, hata habari ya kifungo."