Mwalimu Asiyeruhusiwa Kufanya Mtihani

Jumamosi katika soko la Dandenong watu hawatembei, wanasukumwa. Najiba alikuwa amebanwa kati ya foleni ya samaki na bibi mmoja mwenye kitoroli, shungi lake la kijani limemteleza hadi mabegani, aliposikia sauti ya mwanamume ikinadi mboga.

"Njooni, njooni! Vitunguu majani, mafungu mawili kwa bei ya moja! Mama, usivifinye hivyo, havijakukosea!"

Akasimama palepale. Sauti ile aliijua. Miezi minne alikuwa akiisikiliza kwenye treni, jikoni, na kiwandani wakati wa chakula. Ilikuwa sauti isiyo na uso, ikieleza kwa Kihazara cha nyumbani nani anatunga sheria za Australia, Seneti ina kazi gani, na kwa nini kila raia lazima apige kura hata kama hataki. Video zenyewe zilikuwa fupi, picha ya jengo la Bunge tu na sauti juu yake. Sisi Wahazara wa Dandenong, wakimbizi kutoka Afghanistan, kila aliyetaka uraia alizisikiliza, maana kitabu cha serikali wengi kilitupa usingizi kabla ya ukurasa wa tatu.

Najiba akajipenyeza hadi mezani. Nyuma ya marundo ya mboga alisimama kijana mrefu, mwembamba, jaketi lake jeusi limepauka viwikoni.

"Gavana Jenerali anateuliwa na nani?" Najiba akauliza.

"Na Malkia, kwa ushauri wa Waziri Mkuu," kijana akajibu bila kufikiri, kisha akaangua kicheko. "Dada, umekuja kununua au kunitahini?"

"Kumbe ni wewe! Mimi nilidhani ni mzee wa miaka sitini mwenye kitambi."

"Umesikitika?"

"Bado naangalia."

Jina lake Ewaz. Siku za kazi alikuwa kiwanda cha kuku, Jumamosi alimsaidia binamu yake sokoni, na jioni akirudi chumbani alirekodi masomo yake. Najiba aliondoka na vitunguu ambavyo hakuvihitaji, na namba ya simu ambayo aliihitaji sana.

Simu zikaanza.

"Mheshimiwa Bunge, umekula?"

"Nimekula mkate na chai. Najiba mpendwa, taja ngazi tatu za serikali."

"Shirikisho, jimbo, halmashauri. Mtu anakuuliza umekula, wewe unamjibu kwa halmashauri! Utaoa kweli wewe?"

"Nitaoa nikimpata anayejua majukumu ya halmashauri."

"Kuzoa taka na kutunza maktaba. Haya, lete mahari."

Walicheka hivyo wiki nyingi. Lakini chini ya kicheko kulikuwa na jambo ambalo Ewaz alilijua tangu wiki ya kwanza. Mama yake Najiba alikuwa Quetta, Pakistani, mapafu yanamwisha, na daktari alikwisha kusema hataufikia mwaka mwingine. Kwa karatasi za ukimbizi alizokuwa nazo Najiba, Pakistani walimnyima viza mara mbili. Kwa pasipoti ya Australia wangempa. Najiba alihitaji kupita mtihani, ale kiapo, apate pasipoti, apande ndege, na haya yote kabla mama hajafa.

"Nisaidie nisikosee hata swali moja," alimwambia Ewaz siku moja, na safari hii hakutania.

"Hutakosea. Kila nilichonacho nimekupa."

Siku ya mtihani Najiba alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe. Maswali ya Bunge na mahakama aliyajibu kama anayemenya viazi. Kisha yakaja mengine ambayo hakuwahi kuyasikia kwenye sauti yoyote, maswali ya maadili ya nchi: mtu akitukanwa dini yake afanye nini, wazazi wakimchagulia binti mume nani mwenye uamuzi. Matano. Moja alilijibu kwa heshima, kama binti aliyelelewa vizuri na mama yake, na heshima haikuwa jibu sahihi. Karani akamweleza taratibu kwamba matano yale lazima yapatwe yote. Mengine yote alikuwa amepata. Ameanguka.

Alimpigia Ewaz akiwa bado ngazini.

"Kuna maswali hukunifundisha!"

"Maswali gani?"

"Maswali ya maadili. Karani anasema yamekuwepo zaidi ya mwaka!"

Aibu humfanya mtu mwema aseme upuuzi. Ewaz akasema, "Labda hukusoma vizuri."

Najiba akakata simu.

Nyumbani kaka yake, Kurban, dereva wa lori, hakumpa hata nafasi ya kulia. "Nimeuliza habari za huyo mwalimu wako. Ni mtu wa boti! Viza yake ya muda, kuomba uraia haruhusiwi kabisa. Mtihani wenyewe hajawahi kuuona kwa macho, na anawafundisha watu!"

Najiba akamwandikia maneno manne tu: Kweli wewe hujawahi kuufanya? Ewaz akasoma. Hakujibu siku hiyo wala iliyofuata. Basi Najiba akajua ni kweli, na kilichomuuma si boti. Nusu ya mtaa wetu tulikuja kwa boti, kabla sheria haijawa kali. Kilichomuuma ni kwamba alimkabidhi mama yake mikononi mwa mtu asiyejua anachokisema.

Tarehe mpya ya mtihani ilikuwa baada ya wiki saba. Mama yake alifariki wiki ya tano, asubuhi, Najiba akiwa kazini amevaa glavu za mpira. Msimamizi alimruhusu akae chooni mpaka aweze kusimama.

Matanga yakafanyika ukumbini, wanaume upande wao, wanawake upande wao, pazia katikati. Wanawake walimshika Najiba mabega, na yeye alitazama tu zulia. Kutoka ng'ambo ya pazia alisikia sauti ikisema, "Chai, mzee? Sukari?" Siku zote tatu Ewaz alihudumia chai kwa watu ambao baadhi yao walimnunia, na hakuuliza kama anaweza kumwona.

Wiki iliyofuata video mpya ikatoka. Najiba aliifungua akiwa kwenye treni. Picha ya Bunge haikuwepo. Alikuwepo Ewaz mwenyewe, amekaa kitandani, macho mekundu.

"Ndugu zangu, mimi ndiye niliyekuwa nikisema nanyi. Niliwafundisha kitabu cha zamani. Lile faili mlilokuwa mkitumiana kwenye simu, na mimi nilitumiwa hivyo hivyo. Toleo jipya liko wazi kwenye tovuti ya serikali, bure, hata kwa lugha yetu ya Kidari. Sikulijua kwa sababu tovuti ile siifungui. Nilikuja kwa boti. Niliifungua mara moja, miaka minane iliyopita, na sentensi ya kwanza inayonihusu ilisema siruhusiwi kuomba. Sikurudi tena. Niliona haya kuwaambia. Kwa sababu ya haya yangu, kuna mtu hakumzika mama yake. Msinisikilize tena. Fungueni wenyewe."

Najiba alipitiliza kituo chake. Alikasirika, akamhurumia, akakasirika tena kwa kumhurumia. Jioni akapiga simu.

"Kwa nini uliniambia sikusoma vizuri?"

"Kwa sababu mimi ni mjinga."

"Hilo nalijua. Lingine?"

"Niliogopa ukijua nilivyo, utaona huna cha kufanya na mimi."

"Mama yangu amekwisha kufa, Ewaz. Sasa ninahangaikia nini hiyo pasipoti?"

"Kaburi lake," Ewaz akasema. "Mtu aliwekee jiwe."

Walikutana maktaba, mchana, kwenye kompyuta ya dirishani. Ewaz alikuwa amenyoa, shati limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Fungua wewe," Najiba akasema.

"Najiba..."

"Mimi niko hapa. Fungua."

Ewaz akaifungua tovuti. Ile sentensi ilikuwa bado pale pale, haijabadilika neno. Wakaisoma wote wawili, kisha Najiba akashusha ukurasa hadi kwenye kitabu kipya, wakaanza sura ya kwanza. Safari hii alipita, yote ishirini. Katika sherehe ya kiapo halmashauri ilimpa cheti na mche wa mti kwenye kikopo, na Ewaz alipiga makofi kutoka viti vya wageni mpaka watu wakageuka.

Pasipoti ilipotoka, Ewaz alimsindikiza uwanja wa ndege. Yeye, kwa viza yake ya muda, akivuka lango lile bila ruhusa, harudi Australia.

"Nakupenda," akasema. "Lakini sina hata mwanamke wa kumtuma kwenu. Mama yangu naye yuko Quetta. Miaka kumi sijamwona."

Kwetu wanawake wa mwanamume ndio wanaokwenda kuomba, na upande wa msichana ukikubali huwakabidhi peremende zilizofungwa kwenye kitambaa. Bila wanawake hakuna ombi, na bila ombi hakuna jibu.

"Anakaa mtaa gani?" Najiba akauliza.

Siku ya kwanza Quetta alikwenda makaburini, akakaa huko mpaka jua likamchoma. Siku ya pili alipanda ngazi za mtaa wa Mariabad, nguo nyeusi bado mwilini, akabisha hodi. Bibi kizee mmoja, jicho moja limefifia, akafungua, akampapasa uso.

"Wewe ndiye wa Ewaz?"

"Ndimi, Mama." Akamwekea mikononi kitambaa chekundu kilichofungwa.

Bibi akakipapasa, akaelewa, akaanza kulia. "Mwanangu! Sisi hatujaja hata kukuomba!"

"Mngekujaje, Mama?"

Wakakaa chini. Najiba akapiga simu, uso wa Ewaz ukajaa kwenye kioo. Aliona mama yake, aliona kitambaa, akafunika mdomo kwa kiganja. Bibi akaishika simu karibu na jicho lake zima.

"Mbona umekonda? Huyu binti wamempa karatasi, amekuja. Wewe mwanangu, sheria inasemaje? Utakuja lini?"

Ewaz aliyewaeleza maelfu ya watu sheria za nchi nzima akageuza uso pembeni. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni.

Najiba akaichukua simu polepole, akaizima.

"Mtandao umekatika, Mama," akasema. "Kula peremende."