Ng'onda wa Bibi Mwanamkasi

Mwaka ule wa 1954, kila alipotoka shule Mwaija alimkuta mama yake jikoni na vyungu viwili. Kikubwa kilikuwa cha watu wote. Kidogo kilikuwa cha Bibi Mwanamkasi, mama yake baba, na hicho hakikutiwa chumvi. Tabibu alikuwa amesema damu ya bibi inasukuma kwa nguvu mno, na chumvi inazidi kuichochea.

Wengi hawakuamini. Baba yake Mwaija alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, na majirani walicheka: "Mtoto anavuna chumvi, mama anakula chapwa."

Kazi ya Mwaija ilikuwa kumpelekea bibi chakula ukumbini, alikokula peke yake.

"Mke mwenzangu," bibi alimwambia siku moja, "chakula chapwa hupewa mfungwa. Mimi nimeua nani?"

"Bibi, tabibu kakataza chumvi."

"Kakataza chumvi. Ng'onda je, kamkataza?"

Mwaija akafikiri. Ng'onda ni samaki, ingawa amelazwa kwenye chumvi na kuanikwa juani. Tangu hapo akawa anachoma kipande makaani na kukifukia chini ya wali wa bibi. Bibi alikula akachangamka, akamtania hata paka. Miguu yake ilipoanza kuvimba, Mwaija aliiona, akanyamaza. Hakuwa na moyo wa kumnyang'anya bibi ile furaha.

Asubuhi moja bibi hakuweza kuinuka. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ulilegea, na maneno hayakutoka. Tabibu aliitwa. Shangazi Ashatu, dada yake baba, naye akaja, wala hakumsalimu mtu.

"Wifi," alimwambia mama yake Mwaija, "chungu cha mama yangu unapika wewe. Umemtilia chumvi."

"Wallahi, sijatia hata chembe."

"Basi iliingia kwa miguu yake?"

Baba alitazama chini. Hakumtetea mkewe. Mama akashika ncha ya kanga, akafuta macho.

Mwaija alimtazama bibi, ambaye hakuweza tena kusema. Akinyamaza na yeye, mama ataubeba mzigo huu maisha yake yote.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpa ng'onda. Kila siku."

Tabibu aliacha kumpima bibi. "Ng'onda ni chumvi tupu, mwanangu. Nilipokataza chumvi, nilikataza na kila kilichokolezwa nayo."

"Mkono utapona?"

"Sijui. Nisikudanganye."

Shangazi aliinuka akaenda zake. Hakumwomba radhi mama.

Jioni ile mama aliinjika chungu kimoja tu, bila chumvi, akakiungia tui, kitunguu na ndimu. Wote wakakaa ukumbini kumzunguka bibi. Baba alikunja uso kwa tonge la kwanza, lakini alimeza.

"Ulimhurumia bibi yako," mama alimwambia Mwaija, "na kwa huruma sikulaumu. Lakini uliona miguu inavimba, ukaficha. Anachokula mgonjwa hakifichwi, hata akikuomba kwa machozi. Na sisi wakubwa tulimpa chungu chake tukamwacha ale kama mtu aliyetengwa. Kosa hilo ni letu, si lako."

Mwaija alimega tonge, akalitia mdomoni mwa bibi, upande ule uliobaki mzima, akangoja ameze.